Mzee Shimomura Hakuambiwa

Nishiwaki Shogo alikuwa na kazi moja tu katika kampuni yetu ya Osaka: kuwabembeleza watengenezaji wa gemu wasituhame. Mashine ya gemu bila gemu ni sanduku la plastiki, na hilo alilijua vizuri, maana baba yake alikuwa na duka la midoli kule Sakai na yeye alikulia nyuma ya kaunta. Alikuwa mnene, mwepesi wa kutoka jasho, hajaoa, na akiongea kwenye simu aliinama kana kwamba mtu wa upande wa pili anamwona. Meza yangu ilitazamana na yake. Nilimtania, nilimkemea, na nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Kiangazi cha mwaka tisini na tano mambo yalituendea kombo. Wapinzani wetu wa Tokyo walitoa mashine inayotumia diski, sisi tukang'ang'ania kaseti za kuchomeka. Kaseti zilitoka kiwandani kwetu tu. Mtengenezaji aliagiza kwetu, akalipa kabla, akasubiri miezi, na zisipouzwa hasara ni yake. Diski za wenzetu zilikuwa za bei ya chee, na zikiisha wanachapisha nyingine upesi. Wakubwa wetu waliuita mpango wetu kulinda ubora. Mimi niliuita kiburi, ingawa si kwa sauti.

Wengi walikuwa wameshahama. Aliyebaki wa maana ni Igarashi, ambaye gemu zake ndizo zilizowapanga watoto foleni madukani. Akiondoka yeye, waliobaki wangemfuata na sisi tungekwisha. Nishiwaki alimwalika chakula, nami nikaandamana nao. Tukaketi mbele ya bamba la moto, chapati za kabichi zikikaangwa.

"Nishiwaki, kaka yangu, nyama mnakula wenyewe," Igarashi alisema akigeuza chapati yake. "Sisi mnatutupia mfupa, halafu mnatutoza hela ya mfupa."

"Kula kwanza, bwana."

"Nakula, si unalipa wewe?" Akacheka, kisha uso ukabadilika. "Sikiliza. Wa Tokyo wameniletea mkataba. Sitaki kwenda, kweli tena, nilianza na nyinyi. Lakini nina vijana wanaotegemea mishahara. Nikubalieni nilipe kaseti baada ya kuuza, na ada mnayotutoza kwa kila kaseti mpunguze nusu. Nataka jibu mwezi huuhuu."

"Nitakuletea."

"Utaniletea, au utajaribu?"

"Nitakuletea. Nikishindwa usinisalimie tena."

Kwetu uamuzi haufanyiki kikaoni. Kikao ni cha kuitikia kwa vichwa tu. Kazi yenyewe inafanywa kabla: unamwendea mkubwa mmoja mmoja ofisini kwake, unaeleza, unanyenyekea, unaondoka na neno lake. Tena unaanza na yule ambaye jambo linamgusa zaidi, ndipo unawaendea wengine. Kwa hiyo Nishiwaki alipaswa kuanza na Mzee Shimomura, mkurugenzi wa kiwanda, mtu aliyezibuni kaseti zenyewe. Lakini Mzee Shimomura alikuwa amefiwa na mkewe. Alikuwa nyumbani, na majivu ya marehemu yalikuwa bado mle ndani yakingoja siku ya arobaini na tisa ndipo yazikwe.

"Nenda kwake," nilimwambia. "Hata dakika tano."

"Dada Chizuru, una moyo wewe? Mke hajazikwa, mimi nikamzungumzie ada za kaseti?"

"Ndiyo. Omba radhi, halafu zungumza."

"Siwezi. Nitamweleza akirudi kazini, kikao bado kiko mbali."

Akawaendea wengine wote. Alipanda na kushuka ngazi, shati limemganda mgongoni, na kila aliporudi mezani alinionyesha kidole gumba chini ya meza. Hata rais wa kampuni, Bwana Kasahara, ambaye kutabasamu kwake ni kama kutoa damu, alisema wazo si baya. Nilianza kuamini tumepona.

Ghafla wa Tokyo wakashusha bei ya mashine yao. Kasahara akaitisha kikao kesho yake asubuhi. Nishiwaki alipiga simu nyumbani kwa Shimomura, haikupokelewa. Mzee akaletwa na gari, akaingia wengine wameshaketi, suti nyeusi ikimpwaya.

Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Nishiwaki alieleza vizuri, sijapata kumsikia akieleza vile. Alipomaliza, wakubwa wakamgeukia Shimomura, maana kaseti ni zake.

"Jambo hili," mzee alisema polepole, "mimi nalisikia leo."

Basi. Wale wote waliokwisha kukubali wakainamia vikombe vyao vya chai, na hakuna aliyethubutu kutangulia. Kasahara akakohoa, akasema suala litazamwe tena kwa makini, na kila mtu mle ndani alijua limezikwa. Nilitamani kuwarushia kalamu.

Jioni ile Nishiwaki alimpigia Igarashi. Aliinama mpaka paji likagusa meza, akirudia "nisamehe, nisamehe," mpaka nikasikia simu imekatwa upande wa pili naye bado anasema. Igarashi alitia saini Tokyo wiki hiyohiyo.

Siku ya arobaini na tisa ilipopita, tulikwenda nyumbani kwa Shimomura kufukiza ubani. Alitupokea mwenyewe. Nyumba ilinuka vumbi. Nishiwaki alipiga magoti, akaweka paji juu ya mkeka.

"Uliogopa ningekataa," mzee alisema.

"Hapana, mkurugenzi. Niliona haya kukuletea biashara msibani."

Mzee akaketi mbele yake.

"Wote mliona haya. Hakuna aliyenigongea mlango. Simu ikilia ni watu wa mazishi wanauliza maua, mwisho nikaacha kuipokea. Ungekuja na kaseti zako ningekukaribisha kwa mikono miwili, kijana. Ningepata cha kufikiri."

"Na ule mpango, mkurugenzi?"

"Mpango ulikuwa sawa. Kaseti nimezibuni mimi, nitakosaje kujua kuwa zimepitwa na wakati? Hata kabla hujamaliza kueleza nilikuwa nimeshaukubali moyoni." "Lakini jambo limepita kwa kila mtu, mimi nimerukwa. Nikaona mmeshanizika pamoja na mke wangu. Ningetoa wapi mdomo wa kusema ndiyo?"

Nishiwaki hakuinua kichwa. Alilia palepale mkekani kwa kwikwi, na mzee naye akalia, kila mtu kilio chake.