Majina Yaliyofutika

Watu wa Musoma walimwita Wenceslaus "daktari", naye alikwisha choka kuwasahihisha. Kwa kweli alikuwa mtu wa maabara. Alipima damu, mkojo, choo na makohozi, na mganga wa upasuaji alipokata kinyama mwilini mwa mgonjwa, Wenceslaus ndiye aliyekitia kwenye fomalini kisioze, akaandika jina, akakipeleka Mwanza kwa wataalamu wa kusoma magonjwa ndani ya nyama. Alizaliwa Majita, mtoto wa katekista, mtu wa shati safi na maneno machache. Mkewe Euphrasia alizoea kusema kwamba mumewe hupanga hata viatu vyake kana kwamba vinakwenda kupimwa.

Mwaka wa themanini na tatu karibu kila kitu kilikuwa kimeadimika. Sabuni ilikuwa hadithi, chumvi ilikuwa hadithi, madukani zilibaki rafu na mwenye duka. Hospitali nayo ilikuwa hivyo hivyo. Chupa za vipimo hazikuja tena, kwa hiyo Wenceslaus alichemsha vichupa tupu vya penisilini. Lebo hazikuwepo, akakata vipande vya plasta. Penseli ya mwisho ilikuwa imekwisha hadi haishikiki vidoleni, akaandika majina kwa kalamu ya wino, huku akijua, na hili alikuja kulikiri baadaye, kwamba wino na fomalini havipatani.

Mwezi wa nane, wodi ya wanaume ilikuwa na wagonjwa wawili waliolala vitanda vya jirani. Mmoja aliitwa Clementi, mvuvi aliyezaliwa na kukulia kisiwa cha Rukuba, mtu wa vicheko. Wa pili alikuwa Mzee Magesa, mfugaji wa Mugeta kule Bunda, mzito wa kusema kama mlango wa zizi. Wote wawili walikuja mkojo umefunga, wakawekewa mipira ya kutolea mkojo. Clementi akimsimulia mwenzake sangara mkubwa kama ndama, Magesa akimjibu kwamba ndama angalau hanuki. Wakawa marafiki.

Mganga aliwapasua siku moja, akatoa kinyama katika tezi dume ya kila mmoja ili ijulikane kama ni uvimbe wa uzee au ni saratani. Vichupa viwili vikaingia kwenye kisanduku. Asubuhi iliyofuata, Wenceslaus alipokwenda kuchukua kisanduku akipandishe kwenye gari, alikuta kimelala ubavu. Dawa ilikuwa imevuja. Plasta zote mbili zilikuwa zimebanduka, na juu yake hakukuwa na majina tena, ila madoa ya buluu.

Alisimama na vichupa viwili kiganjani. Alijaribu kukumbuka. Cha Clementi kilikuwa kidogo zaidi, au kilionekana kidogo kwa sababu alikishika cha pili? Nje, dereva Shida alipiga honi.

"Daktari, mimi naondoka! Mafuta ndiyo haya haya, nikichelewa nitalala Bunda!"

Angeweza kusema. Angekwenda kwa mganga, wale wazee wakatolewa kinyama kingine, naye akala karipio na barua ya onyo. Badala yake alikata plasta mpya, akaandika Magesa kwenye kimoja na Clementi kwenye kingine, akakimbilia gari. Alijiambia kwamba huenda vyote viwili vitakuwa uvimbe wa uzee tu, kama ilivyo kwa wazee wengi.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Clementi, hakuna saratani. Magesa, saratani ya tezi dume.

Mganga alimweleza Magesa bila kuzunguka. Saratani hii inalishwa na nguvu za kiume za mwili wenyewe, na ukiikatia chakula hicho inasinyaa. Vidonge vya kufanya kazi hiyo havikupatikana. Dawa iliyobaki ilikuwa kisu: kutolewa korodani zote mbili.

Magesa aliomba apewe siku tatu. Siku ya nne akasema, "Maksai wangu wanne, wote nilikuwaga nawashika mwenyewe wakati wa kuhasiwa. Najua wanavyokuwaga baadaye."

Mkewe Boke, aliyekuwa amekaa chini kando ya kitanda, alimjibu bila kuinua macho. "Nimezaa na wewe watoto saba. Mimi nataka mtu, sitafuti dume."

Basi akakubali. Clementi alikuwa amekwisha rudi Rukuba, anakojoa vizuri na anacheka.

Baada ya miaka miwili Clementi alirudishwa. Walimshusha kwenye mtumbwi akiwa juu ya kitanda cha kamba, mgongo unamuuma hadi analia, miguu haina uhai. Mganga alimpima kwa kidole, akakuta tezi ngumu kama jiwe. "Hii ni saratani, na imekwisha ingia kwenye mifupa," alisema. Mtu akamkumbusha yale majibu ya zamani. "Majibu nayo hukosea," mganga akajibu, akahamia kitanda kingine.

Wenceslaus alikuja kuchukua damu. Clementi alimtambua.

"Daktari, si mlisema nyama yangu nzuri?"

Alikufa wiki tatu baadaye. Tangu siku hiyo swali lile halikumwacha Wenceslaus. Lilikuwa ndani ya kabati la dawa alipolifungua na harufu ya fomalini ikampanda puani. Lilikuwa kwenye maji ya kunawia mikono. Kanisani, padre alipowaombea marehemu, alisikia sauti ya Clementi nyuma ya bega lake, si ya hasira, ya mtu anayeuliza tu, na mara mbili aligeuka na kumkuta mama mmoja akimtazama kwa mshangao. Kazini aliwaita wagonjwa majina mara tatu tatu kabla ya kuwachoma sindano. Wenzake walicheka. Euphrasia hakucheka.

"Baba Ursula, unaongeaga na nani huko uani?" alimuuliza siku moja.

"Sijaongea."

"Umesema, 'Huenda nyama ile haikuwa yako.'"

Na habari kutoka Rukuba zilikuwa mbaya zaidi. Kwa kuwa hospitali ilikwisha sema Clementi hana ugonjwa, watu walitafuta sababu nyingine. Walimpata ndugu yake, Boniphace, aliyekuwa amegombana naye juu ya nyavu. Wakamwita mchawi, wakaezua nyumba yake, akavuka maji na familia yake kwenda Bunda.

Miaka ikapita, mambo yakafunguka. Sabuni zikajaa za kila rangi, mitumba ikatandazwa barabarani, viwanda vya minofu vikaja kununua sangara. Maabara ikapata hadubini mpya ya umeme. Mwaka wa tisini na mbili akaja Daktari Gati, binti wa Tarime aliyesomea Dar es Salaam, anafanya utafiti juu ya saratani za tezi dume na kibofu kwa watu wa kanda ya ziwa. Alikuwa amevikuta Mwanza vile vinyama vya zamani vimehifadhiwa ndani ya nta, akavikata upya na kuviweka kwenye vioo. Alikuwa na furaha, maana kwenye orodha yake kulikuwa na mtu mmoja aliyehasiwa kwa saratani na bado yu hai baada ya miaka tisa.

"Mzee Magesa wa Mugeta," alisema. "Huyu ndiye nitakayeanza naye. Lakini njoo uangalie hiki, Bwana Wenceslaus. Kimenishinda."

Wenceslaus akainamia hadubini. Katikati ya nyama ya rangi ya waridi, nyama ya kawaida ya mzee, aliona mayai. Yalikuwa marefu, na kila moja lilikuwa na mwiba mdogo mkiani.

"Kichocho cha mkojo," alisema.

"Ndiyo. Sasa jina ni Clementi, mvuvi wa Rukuba. Kichocho cha ziwani ni kile cha tumbo, yai lake lina mwiba ubavuni. Hiki cha mkiani kinatoka kwenye malambo na vidimbwi vya bara, kule ng'ombe wanakokunywa maji. Mtu wa kisiwani kakitoa wapi?"

Wenceslaus hakuinua kichwa. Alijua kilikotoka. Magesa mwenyewe aliwahi kusimulia wodini jinsi walivyokuwa wakioga lamboni Mugeta wakichunga, wakakojoa damu, na kuona ndiyo dalili ya kuwa mkubwa.

"Sijui, daktari," alijibu. Miaka tisa alikuwa ameogopa huenda alikosea. Sasa hakukuwa na huenda.

Jumamosi alipanda basi hadi Bunda, akaazima baiskeli, akafika Mugeta saa nne asubuhi. Magesa alikuwa amenenepa, kidevu laini, amekaa anasuka kamba ya kufungia nira. Boke alimpokea mgeni kwa vigelegele, akaenda jikoni. Wenceslaus akasema alichokuja kusema, kwa sauti ya chini, bila kupamba: majina yalifutika, akakisia, akakosea.

Magesa aliendelea kusuka hadi kamba ikaishia.

"Kwa hiyo sikuwa na kansa."

"Hukuwa nayo, mzee."

"Na Clementi?"

"Ndiye aliyekuwa nayo."

Mzee akatazama ng'ombe wake. "Unajua nimeishije miaka hii? Kila nikiamkaga nasemaga, Magesa, ulitoa kile ukabaki na uhai. Wakinicheka kwenye pombe nawaambiaga, nyie mngeweza? Sasa umekuja na baiskeli kuniambia nilitoa bure." Alivuta pumzi. "Nani mwingine anajua?"

"Bado hakuna."

"Mke wangu asijue. Wanangu wasijue. Mimi nilikuwa na kansa, nikapona. Sema."

Wenceslaus alitazama upande wa jikoni.

"Sema!"

"Ulikuwa na kansa, mzee. Ukapona."

"Haya, nenda."

Njiani kuelekea barabarani Boke alimkimbilia na kibuyu cha maziwa. "Mpelekee mama wa nyumbani," alisema. "Nyinyi ndio mlionibakizia huyu mtu." Wenceslaus alikipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu alimweleza Daktari Gati yote. Yule binti akayafuta majina yote mawili kwenye orodha yake, hata la yule aliyemfurahia kwa kuishi miaka tisa. "Sitasema nyumbani kwa mzee mambo asiyotaka yasemwe," alisema. "Lakini mayai yale yakikaa kwenye kibofu miaka mingi, yanaweza kuleta saratani ya kweli. Ameze dawa, na apimwe mkojo kila miezi sita. Na wakubwa wako lazima niwaandikie."

Aliwaandikia. Wenceslaus aliondolewa kwenye kazi ya nyama, akabakizwa mkojo na choo. Hakukata rufaa.

Rukuba alikwenda mwenyewe. Mjane wa Clementi, Marcelina, alimsikiliza akianika dagaa, kisha akasimama, akaita majirani mmoja mmoja hadi uwanja ukajaa. "Sasa rudia," alisema, "na hawa wasikie." Akarudia mbele ya watu walioezua nyumba ya Boniphace. Baadhi yao walitazama chini. Mmoja alimtemea mate. Kisha akamfuata Boniphace mwenyewe huko Kabasa, upande wa Bunda, akamkuta anaziba pancha za baiskeli. Alisikiliza mpaka mwisho huku akibonyeza mpira ndani ya karai la maji.

"Waambie nimesikia," alisema. Hakurudi kisiwani.

Mzee Magesa alikuja hospitali mwezi uliofuata, bila salamu, akanyoosha mkono kuchukua kopo. Mayai yalikuwepo, na damu kidogo. Alimeza dawa. Baada ya miezi sita akaja tena, na tena, na mkojo ukasafika, lakini hakuacha kuja.

Siku moja alikaa kwenye benchi la maabara karibu na mwalimu mmoja mstaafu wa Butiama, aliyekuwa ametoka kuambiwa kwamba naye lazima ahasiwe. Mwalimu alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya majibu yake.

"Usiogope," Magesa alimwambia. "Mimi ilinipataga hiyo hiyo. Nikakatwa, nikapona. Muulize huyo."

Wote wawili wakageuka kumtazama Wenceslaus mlangoni. Magesa hakupepesa macho.

"Ni kweli," Wenceslaus alisema. "Alikuwa nayo."

Mwalimu akashusha pumzi, akauliza chumba cha upasuaji kiko upande gani. Wenceslaus alimwonyesha njia, akaingia ndani, akafunga mlango. Nyuma ya bega lake mtu aliuliza swali lake, kwa upole ule ule, naye akamjibu kwamba ile nyama nzuri haikuwa yake.