Meneja anataka nichape kwamba Masunga alifundishwa

(Barua hii imetoka Bariadi. Jina la mwandishi tunalo na litabaki kwetu. La aliyeumia tumelibadilisha.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kidato cha nne, na nina ndoa ya miezi minne. Jamani, ndoa tamu! Mume wangu akirudi kazini nywele zimejaa nyuzi za pamba, mimi humketisha kwenye kigoda uani nikamtoa uzi mmoja mmoja, naye hucheka kama mtoto anayekunwa mgongo. Wazee wake wa Mwamanyili walileta ng'ombe bila kubishana na baba. Hata wangeleta mbuzi mmoja, ningekwenda.

Sote wawili tunafanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Yeye ni fundi wa mashine, mimi ni mpiga chapa ofisini. Zamani kiwanda kilikuwa cha ushirika. Sasa ni soko huria, kampuni binafsi imekichukua na kutuletea Meneja anayevaa koti na tai mahali ambapo hata kuku wa mlinzi wana vumbi la pamba mkiani. Alipofika tu akaanzisha gazeti la wafanyakazi, karatasi mbili ninazochapa kwenye stensili kila mwezi. Toleo la kwanza: Meneja awasili. La pili: Meneja akagua. La tatu: Meneja aridhika. Aliridhika na nini, mpaka leo sijui, na niliyeandika ni mimi.

Kabla ya msimu tukaambiwa wageni wa makao makuu wanakuja kuona mafunzo ya usalama kwa vitendo. Mashine zilikuwa zimepakwa rangi mpya, na bwana mkubwa hakutaka mikono ya watu izichafue. Basi mafunzo yakafanyika ghalani. Akamwamuru mume wangu achore duara la chaki ukutani, upande wa kushoto, lihesabike kuwa swichi ya kuzimia mashine. Mume wangu akamwambia swichi yenyewe iko kulia, nyuma ya nguzo. Akajibiwa, "Chora hapo penye mwanga, picha itoke vizuri."

Watu wakapanga mstari. Meneja anapiga kelele, "Pamba imenasa!" Mtu anarusha mkono wa kushoto, anapiga duara, wote wanaitikia, "Imezimika!" Wakarudia na kurudia mpaka mpiga picha akatosheka. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote ni Masunga, rafiki wa mume wangu, mbeba marobota ambaye hakuwahi kushika mashine.

"Mzee, hii mashine yako ya ukuta haili dizeli?" Masunga akauliza. Watu wakaangua kicheko.

"Wewe mchunga ng'ombe," Meneja akasema, "usalama si mzaha."

Kofia ngumu na glavu walizovalishwa kwa ajili ya picha zilirudishwa kwenye sanduku kabla gari la wageni halijashika barabara ya Lamadi. Nami nikachapa: "Wafanyakazi wote wamefuzu." Masunga, kwa kuwa alikuwa hodari wa kupiga ukuta, msimu ulipoanza akapewa mashine.

Wiki iliyopita pamba ilinasa kweli. Akaingiza mkono wa kulia kuivuta, mashine ikakamata mkono wa shati. Mume wangu alikuwa mashine ya pili. Anasema Masunga hakupiga hata kelele. Alirusha mkono wa kushoto akapiga ukuta. Akapiga tena, na tena. Mpaka mume wangu anakimbia na kuzunguka nguzo kuzima, vidole vitatu vilikuwa vimekwenda.

Nilimpelekea uji hospitali.

"Mwangaluka, shemeji," akanisalimu, anajitahidi kutabasamu.

"Mwangaluka. Pole sana, shemeji."

"Mkono wangu haukukosea, shemeji. Ulifanya kama ulivyofundishwa."

Nikammiminia uji, nikamshikia kikombe.

Juzi Meneja akaniita. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje, alikuwa anapangusa kiatu. "Andika hivi: mfanyakazi aliyefundishwa kikamilifu ajiumiza kwa uzembe. Chini weka jina la mumeo, yeye ndiye mkufunzi. Tutamfanya msimamizi wa usalama."

"Na lile duara, Mzee?"

"Duara gani? Mwalimu akichora Ziwa Victoria ubaoni, wewe unakwenda kuoga ubaoni?" Akacheka peke yake. Mtu mzima, amesoma, ana tai, na hiyo ndiyo akili yake! Kwa karatasi hiyo Masunga atafukuzwa kama mzembe, bila fidia, akiwa na mkono usioweza tena kushika jembe.

Nilikimbilia nyumbani nikijua mume wangu atawaka. Hakuwaka. Aliinama akasema, "Mke wangu, chapa tu. Chaki niliishika mimi. Ukweli ukitoka watanikamata mimi, yule atapanda gari lake aondoke."

"Na Masunga?"

"Tutamsaidia sisi wenyewe, polepole."

Ninampenda mwanaume huyu mpaka nasahau kula. Najua anaogopa kwa ajili yangu, na najua alimwambia Meneja ukweli siku ile. Lakini aliposema "polepole", nilimwangalia kwa jicho lile lile ninalomwangalia Meneja akinyoosha tai yake. Niliona aibu. Nikamkumbatia ili jicho lile lipite. Asubuhi nikimpa chai, halijapita.

Gazeti linatakiwa mwisho wa mwezi. Nikichapa anavyotaka Meneja, nimemmalizia Masunga kilichobaki. Nikiandika yaliyotokea, nitakuwa nimempeleka mume wangu polisi kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikikataa kuandika, watamwita mwingine achape, na jina la mume wangu litakaa pale pale chini, kwa ridhaa yake.

Dada zangu mlioolewa, na nyie kaka mlioajiriwa, nijibuni kupitia ukurasa huu huu kabla mwezi haujaisha. Mimi nichape nini, na huyu mume wangu mzuri nimpende vipi kama zamani?