Mkono wa Mama Haukutulia

Mpaka leo nikisikia harufu ya mpira uliofutwa kwa spiriti, nakuwa nimerudi kwetu, kijijini Shinyanga, msimu wa kuvuna pamba, miaka ya sabini. Dada yangu Kabula alikuwa anasomea uuguzi mjini, na likizo ile alikuja na mashine ya kupimia presha aliyoazimwa na mwalimu wake ili afanye mazoezi. Ilikaa ndani ya sanduku la chuma, na ukifungua kifuniko, kinasimama na kibomba cha kioo chenye zebaki. Yesu wangu, maonyo tuliyopewa! Zebaki ni sumu, alisema Kabula, kibomba kikivunjika tusiiguse, tutoke nje tumwite. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilitamani kuichezea kuliko kula.

Mkono wa kwanza kufanyiwa mazoezi ulikuwa wangu, maana nani mwingine angekubali? Mkanda ulikuwa wa watu wazima, ukauzunguka mkono wangu mwembamba mpaka ukapitiliza. Akajaza upepo, vidole vikafa ganzi, nikapiga yowe. Kabula akaufungulia upesi, akanisugua vidole, akasema kipimo chenyewe hakifai kwa sababu mkanda si saizi yangu. "Sasa umeniumizia nini?" nikamuuliza, naye akacheka. Kwa taratibu alikuwa mkali kweli: mtu apumzike kwanza, aegemee kiti, nyayo zikae chini, mkono ulale mezani usawa wa moyo bila nguo juu yake, na asiongee. Ukikosea hata kimoja, alisema, namba inadanganya.

Hapo kwenye kutoongea ndipo alipokwama kwa mama. Kwetu Usukumani anayekushika mkono anakusalimu, na salamu zetu si za kupita. Unaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za shangazi aliyeolewa mbali, nawe unajibu na kuuliza zako. Kunyamaza wakati mtu ameshika mkono wako ni kumwambia kwamba mna ugomvi. Basi Kabula akishafunga mkanda tu, mama anaanza, "Haya, ng'wana wane, mwanangu, huko chuoni mnakula nini? Yule mwenzako aliyeugua amepona?"

"Mama, nyamaza kidogo."

"Ninyamaze, kwani tumekosana nini?"

Zebaki ilikuwa inapanda juu sana, na Kabula anakunja uso. Lakini mama ndiyo kwanza ametoka shambani na mzigo wa pamba kichwani, na mdomo haujafungwa. "Hiki si kipimo," Kabula anasema, anafungua mkanda. "Tutapima kesho ukiwa umetulia."

Kesho atulie saa ngapi? Tulipoamka alikuwa shambani zamani. Kabula alimfuata na sanduku lake jikoni, kisimani, chini ya kichanja cha kukaushia pamba, na kila mara namba ilikuwa kubwa, na kila mara palikuwa na sababu yake: amebeba maji, amepuliza moto, amecheka. Mama alianza kujifunga kanga kichwani, akisema kichwa kinamgonga. Kabula akambembeleza waende hospitali akapimwe na waliobobea. "Nikimaliza kuvuna," mama akajibu. Hakuna aliyebishana naye, maana pamba ilikuwa imefunguka shamba zima.

Hakumaliza. Alianguka mchana, anashindilia pamba kwenye gunia, na tulipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda upande. Baba akakimbia kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni wa kumpeleka hospitali. Kabula akaleta sanduku. Mama alikuwa amelala kitandani, ameegemezwa mto, mkono uko usawa wa moyo, kimya kabisa. Kabula akampima kwa utaratibu wote kama alivyofundishwa. Kisha akabaki ameitazama zebaki, machozi yanamdondokea mapajani. "Ni ileile," akasema, akanigeukia. "Milembe, ni namba ileile niliyokuwa naikataa." Mama alifia hospitali kabla pamba haijaisha shambani. Nilimchukia dada yangu kwa muda mrefu, nilimchukia kwelikweli, na yeye alijichukia zaidi.

Sasa naishi Geita, na nina umri ambao mama hakuufikia. Mashine siku hizi ni vidude vya betri, vimejaa kwenye maduka ya dawa, havina zebaki wala sanduku. Juzi binti mmoja zahanati alitaka kunifunga mkanda juu ya sweta huku ananiuliza bei ya mchele sokoni. Nikavua sweta, nikakaa kimya. Akaingia jirani, "Shikamoo mama," sikuitikia mpaka mkanda ulipolegea. Najua wanasema naringa. Waseme.

Kabula amestaafu. Kwa miaka yote ya kazi, mgonjwa akikutwa na namba kubwa, hakumwambia kesho. Alimkalisha kwenye benchi, akamsimamia kama askari, akampima tena palepale, na namba ikigoma kushuka alimshika mkono mpaka kwa daktari. Akija kunitembelea hunipima na mimi, mezani, karibu na dirisha. Amenishika mkono, na hakuna anayesema neno. Mtu wa kwetu akipita nje atadhani tuna ugomvi. Mama ndiye hayupo, atuulize tumekosana nini.