Paka wa Shosho Alinukia Mahindi

Paka wa Shosho alinukia mahindi. Si mahindi ya kuchoma, la, yale makavu yaliyokaa stoo mpaka vumbi lake linakuwasha pua. Alikuwa wa rangi ya machungwa, na Shosho, mamake Baba, alimwita Karani kwa sababu alikaa mlangoni mwa stoo kule Kitale akimkagua kila anayeingia. Nimemkumbuka leo asubuhi hapa Istanbul, ninakofundisha Kiingereza, mji mkongwe ambao paka wake wanalala juu ya mizani ya dukani na hakuna anayethubutu kuwafukuza. Wenye maduka wanawawekea maji na chakula kando ya barabara. Hawa wa huku wananukia samaki. Mmoja wa rangi ileile alinifuata hadi mlangoni, nikasimama pale na mkate wangu mkononi.

Nilikuwa darasa la nne Shosho alipoteleza kwenye matope ya zizi akavunjika nyonga. Baba alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, na tulikuwa tumepanga nyumba karibu na reli, basi Shosho akaletwa kwetu. Alikuja na nguo zake, kigoda chake, na swali moja. "Karani mmemwacha na nani?" Baba akamjibu kwamba paka wa stoo hahamishwi, mahindi ndiyo kwanza yamevunwa, panya watafanya sherehe. "Basi nirudisheni mimi." "Jumamosi, Mama. Upate nguvu kidogo." Jumamosi ikifika kulikuwa na mkutano, au mvua, au gari la kuazima lilikuwa gereji. Shosho alifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa tangu asubuhi, akaketi sebuleni akiutazama mlango, na jioni akakifungua. "Sawa tu," alisema. Niliichukia ile "sawa tu" yake. Heri angepiga kelele.

Mwishowe akaacha kula, na hapo ndipo Baba alipojiona mjanja. Alasiri moja aliingia na gunia linalorukaruka, kwa maana kwetu paka akihamishwa hutiwa guniani asiione njia ya kurudi. "Mama, nimekuletea Karani!" Akachomoka paka wa rangi ya machungwa, mnene, akajificha chini ya kochi. Wee! Sebule nzima ikanuka omena, vile visamaki vikavu vya ziwani. Yule nilimjua mimi. Alikuwa paka wa soko la Bungoma, aliyelala chini ya meza ya muuza omena, na nilimwona kila nilipotumwa nyanya. Mama yangu akanikazia macho, nikafunga mdomo. Kesho yake muuza omena mwenyewe alinishika mkono sokoni. "Wewe, si baba yako ndiye alibeba paka yangu? Mwambie panya inanimaliza, bana!"

Lakini siku ile ya gunia Shosho alimwita yule paka polepole hadi akatoka. Akampakata, akamnusa shingoni. Baba alisimama pale anatabasamu kama mtoto anayengoja kusifiwa. "Asante, mwanangu," Shosho akamwambia. Baadaye, nilipokuwa namvua viatu, alininong'oneza: "Huyu si Karani. Lakini naye ametolewa kwao, maskini. Mpe maziwa." Hakumwambia Baba hata siku moja. Akaanza kula kidogo, na hakuuliza tena habari za Jumamosi. Sisi tukafurahi, tukasema amezoea. Kumbe alikuwa ameelewa. Mtu anayerudi kwake haletewi paka.

Tulimrudisha Kitale kabla ya mahindi mapya kupandwa, akiwa ndani ya jeneza. Karani alikuwa palepale mlangoni mwa stoo, amekonda, akatukagua mmoja mmoja tulipokuwa tukishuka, kisha akaendelea kutazama barabara. Baba, aliyekuwa amejikaza njia nzima, alilia pale mbele ya majirani wote. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Kitale si mbali na Bungoma. Ukiondoka asubuhi, chai ya saa nne unainywa huko, na jioni umerudi.

Sasa Baba amestaafu na anaishi kwenye nyumba ileile ya Kitale, peke yake tangu Mama alipotutoka. Magoti yamemshinda. Bado anafuga paka wa stoo, na ukimuuliza atakwambia huyu ni mjukuu wa Karani, ukoo ambao sijui ameufuatilia vipi. Alinipigia simu jana jioni. Tuliongea habari za mbolea na za mvua, halafu akaniuliza nitakuja lini. Nikamwambia likizo ijayo, Baba, nikishamaliza kusahihisha mitihani, mambo yakitulia kidogo. Nilimsikia paka akilia upande wake.

"Sawa tu," akasema.