Gari la Baba Lilivyokosa Pumzi

Baba yangu alijifunza kuendesha gari baada ya kustaafu, umri ambao wenzake walikuwa wanauza magari yao na kuanza kufuga kuku. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani, mtu wa kupanda gari la wengine na kushuka walipomshusha. Alipopata kiinua mgongo akanunua gari dogo la Kijapani lililokwishatumika, rangi ya fedha, akaenda shule ya udereva kukaa darasani na vijana waliomwamkia kwanza ndipo somo lianze. Siku aliyopewa leseni alitupigia simu watoto wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale: "Sasa na mie naendesha."

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini damu ilinichemka ndugu zangu walipoanza habari za kumnyang'anya funguo.

Kwetu ni Kibamba, ndani kidogo ukitoka Barabara ya Morogoro, pale lami inapoishia na vumbi linapoanza. Malori ya mchanga yanapita kutwa, na kila likipita majani ya mipapai yanabadilika rangi. Mama amepigana na vumbi hilo tangu tuhamie, na silaha yake ni vitambaa. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji lina kitambaa juu na kingine cha kuvalisha mkono wa mlango, jagi la maji lina chake chenye shanga pembeni. Rimoti mpaka leo iko ndani ya nailoni iliyotoka nayo dukani. Mgeni akikaa vibaya kwenye kochi na kitambaa kikateleza, mama ataendelea kuzungumza naye vizuri tu, ila jicho litabaki kwenye kitambaa mpaka mgeni mwenyewe aelewe akirudishe.

Gari lilipokuja, wakagawana kazi. Baba aliosha bodi na kufuta vioo. Mama akachukua filta ya hewa, kwa sababu fundi wa kwanza aliyefika nyumbani alimweleza kwamba injini nayo inavuta pumzi, na filta ndiyo inayozuia vumbi lisiingie ndani na hiyo pumzi. Ukishataja vumbi mbele ya mama yangu umemaliza kila kitu. Tangu siku hiyo alifungua mwenyewe lile boksi jeusi chini ya boneti, akaitoa filta, akaikung'uta kwenye ukuta wa nyuma ya jiko, akairudisha. Baba alilionea fahari sana jambo hilo. Kule gereji, fundi akinyoosha mkono kuelekea kwenye boksi, baba alimzuia: "Hiyo usiguse. Hiyo inatunzwa nyumbani."

Na kweli hawakuigusa.

Kati ya nyumbani na kanisani kuna kilima. Kila Jumapili baba alimpakia mama pamoja na wanakwaya wenzake, na mwanzoni walikuwa wanakipanda huku baba anapiga mluzi na mguu wake uko kwenye mafuta. Alipenda mwendo, tusidanganyane. Kisha pole pole gari likaanza kuishiwa nguvu. Likifika katikati injini inapiga kelele kubwa, lakini lenyewe halichanganyi, linajikongoja, na nyuma bodaboda zinapiga honi. Ikafika Jumapili moja akawaomba wanakwaya washuke. Wamama wazima, wamevaa sare zao za zambarau, wakapanda kilima kwa miguu wakiwa wameshika pindo za sketi, na baba akawasubiri juu akiwa ametazama mbele tu, kama mtu anayesoma kibao kisichokuwapo.

Mafundi walibadilisha plagi. Wakakagua pampu ya mafuta. Wakasafisha walichosafisha, gari likarudi vile vile. Hapo ndipo baba alipoacha kulishuku gari akaanza kujishuku yeye. Alianza kusema mguu wake wa kulia umekufa ganzi, haukanyagi kama zamani. Mluzi ukakoma. Majirani wakiomba lifti akawa anasema leo hatoki, halafu anabaki ndani kweli. Nilimkuta asubuhi moja amekaa barazani kwenye kiti chake, peke yake, anakanyaga sakafu kwa ule mguu. Anakanyaga, anaachia. Anakanyaga, anaachia. Nilirudi nyuma nikajifanya ndio kwanza naingia getini, nikapaza sauti, "Shikamoo baba!" Mguu ukatulia. Niliumia moyo siku ile mpaka chai ikanishinda.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeitisha kikao, Jumapili baada ya chakula. Yeye amepanga Msasani, na tangu ahamie kule anazungumza kama mtu anayefungua warsha.

"Mzee, sie tunakupenda," akaanza.

Nikajua tumekwisha. Mtu akianza hivyo kwa baba yake ujue kuna kitu anakuja kuchukua.

Akaeleza kuhusu umri, akaeleza kuhusu barabara za siku hizi na vurugu za Ubungo, ambako baba mwenyewe wala hakuwa na safari nako. Mdogo wetu wa kiume akawa anaitikia kwa kichwa tu. Mie nikasema kwa ukali kwamba mtu hanyang'anywi kitu alichokingoja maisha yake yote, kaka akaniambia nisilete hasira kwenye ishu ya usalama, nikamjibu hasira nimeshaleta. Mama alikuwa pembeni na ungo wake anachambua mchele.

Baba akainuka. Akaenda kwenye msumari wa ukutani, akachukua funguo, akaziweka juu ya meza katikati ya kitambaa.

"Chukueni tu," akasema. "Mguu wenyewe umeshachoka. Nisije nikaua mtoto wa watu."

Mikono ya mama ikasimama juu ya mchele. Niliona, lakini nilidhani ni huzuni tu.

Ikaamuliwa gari nilichukue mie, nikae nalo kwangu Mbezi mpaka apatikane mnunuzi. Niliondoka nalo bila kuaga vizuri. Nilipita njia ya kanisani, na nilipofika kwenye kile kilima nikakanyaga mafuta kwa hasira zangu zote. Injini ikalia. Gari likagoma. Nikakandamiza mpaka pedeli ikafika chini kabisa, lakini lilikuwa linatambaa tu, na mwanamke aliyejitwika ndoo ya mihogo akanipita.

Sasa mie ni mtu wa dukani, nasimama kutwa, miguu ninayo. Kama mguu wangu nao umezeeka, basi Dar nzima imezeeka.

Nikaegesha kando, nikafungua boneti. Ufundi sina, ila nina gari dogo langu, siku hiyo nililiacha kwangu, na nimewasimamia mafundi vya kutosha, na nilijua kitu kimoja tu: katika gari lile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa isipokuwa boksi la filta. Nikabandua klipu zake, nikainua mfuniko.

Filta ilikuwa imevaa. Sina namna nyingine ya kusema. Ilikuwa imevalishwa kitenge cha zambarau, kile cha sare ya kwaya, kimekunjwa mara mbili, kimeshonwa kuzunguka na kutiwa lastiki ili kibane, kama foronya. Zambarau yenyewe ilikuwa inaonekana kwenye mshono tu. Kwingine kote vumbi lilikuwa limejaa, likapata unyevu wa masika, likakauka tena, mpaka kitambaa kimekuwa kigumu kama chapati ya juzi. Nikaweka mdomo nikapuliza. Pumzi yangu haikutoka upande wa pili.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu kando ya barabara mpaka yule mwanamke wa mihogo akageuka kunitazama. Nikakivua kile kitambaa, na chini yake filta ilikuwa safi, nyeupe, haina hata doa. Nikaifunga, nikawasha, nikakanyaga. Gari likaruka. Lilipanda kile kilima nikiwa hata sijafikisha pedeli nusu. Nikageuzia juu, nikarudi nyumbani.

Ndugu zangu walikuwa wameshaondoka. Baba alikuwa barazani. Nikampita, nikamwambia nimesahau kitu, nikaingia jikoni kwa mama na kukiweka kile kitambaa mezani mbele yake. Alikigusa mshono kwa kidole.

"Umekiona," akasema.

"Mama, hiki ndicho kilichokuwa kinalinyima gari hewa. Baba hana shida yoyote ya mguu."

"Najua."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mama akavuta kigoda akakaa.

"Nilikishona kwa ajili ya vumbi," akasema. "Mwanzoni nilikuwa nakifua kila nikifua sare. Halafu nikaona, nikikifua, baba yenu anakimbia. Kikichafuka, anatulia. Kuna siku alikosakosa kumgonga kijana wa bodaboda pale kwenye kona, ukiteremka upande wa pili wa kilima, na mie ndiye niliyekuwa mbele naye. Nilimwona yule kijana macho yake. Baba yenu akasema, 'Si nimemkwepa?' akaendelea na mluzi wake. Basi sikukifua tena."

"Na leo amekabidhi funguo, wewe upo, unachambua mchele!"

"Ningesemaje mbele ya watoto wake? Kwamba mie ndiye niliyemzeesha baba yenu?" Akakisogeza kitambaa kwake. "Sikutaka aache kuendesha, mwanangu. Nilitaka aende polepole tu."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, na ninajua kugomba. Lakini nilimwonea huruma mama yangu kwa namna ambayo sijawahi kumwonea, na nilipogeuka nikamkuta baba amesimama mlangoni.

Alikuwa amesikia. Akaja akakichukua kile kitambaa, akakigeuza, akaivuta lastiki ikarudi.

"Kumbe hiki ndicho nilichokuwa nashindana nacho," akasema. "Muda wote huo nipo pale nje nakanyaga sakafu."

"Nilikuona," mama akasema.

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nisamehe, baba watoto."

Baba alikiweka kitambaa kwenye beseni la nguo chafu, kwa utaratibu, kama anavyoweka shati lake. Kisha akaninyooshea kiganja.

"Funguo."

Nikampa. Akamwambia mama, bila kumtazama, "Vaa viatu, twende."

Mie nikapanda nyuma, hakuna aliyenikaribisha. Mama alikaa mbele, ameshika mkanda kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye kilima baba akakanyaga, na gari likaitika palepale. Tukapita pale wanakwaya waliposhushwa. Niliuona uso wake kwenye kioo, umefunguka, uso wa yule mtu aliyenipigia simu kuhusu leseni. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasali.

Tukafika juu. Mbele yetu barabara ikawa inateremka kuelekea kwenye ile kona, na kwa mwendo tuliokuwa nao nikajikuta na mie nimeshika kiti cha mbele. Ndipo nikasikia sauti ya injini inashuka. Gari likatulia, likaingia kwenye mteremko taratibu kabisa. Mama akafumbua macho, akaanza kutazama huku na huku, akidhani limeharibika tena.

"Halijaharibika," baba akasema, macho yake yako barabarani. "Nimepunguza. Mie mwenyewe."