Doriani la mama mkwe

Leo nimelisifu tunda lililonitoa machozi kwa kichefuchefu.

Natoka kuzunguka msitu wa Ngezi, begi mgongoni, nikapita Wete kumsalimia mama wa mchumba wangu. Akanipasulia doriani.

Jamani. Linanuka soksi zilizovundia kwenye kiatu, halafu ndani linateleza kama kamasi. Kumkatalia mkwe nitaanzia wapi? Nikameza.

"Tamu sana, mama."

Nilisahau kuwa kwa Wapemba ukisifu chakula, unafungiwa cha kuondoka nacho.

"Chukua hili zima, mwanangu."

Gesti wamenikubali mimi, begi wamelikataa. Liko uani na nguo zangu zote.

Na mama kapiga sasa hivi. Kesho nipite tena, jingine limeshaiva.

Nimjibuje?