Nilimfukuza Wakili wa Bure, Nikategemea Jani la Sale

Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa vibaya, na mdogo wangu ndiye anayelala gerezani kwa sababu ya kichwa changu kigumu!

Kwetu ni Kilema. Prosper ni kitinda mimba wetu, nimemlea mwenyewe tangu mama afariki. Siku moja jamaa fulani alimwomba amsaidie kuswaga ng'ombe hadi barabara ya Marangu, akidai kamnunua. Kumbe kamwiba kwa jirani yetu, Mzee Kanuti! Watu walipotokea, jamaa akatimua mbio. Prosper akadakwa na kamba mkononi.

Mahakamani Moshi akaja binti mmoja, wakili wa kuwasaidia wasio na uwezo. Hakutaka hata senti. Akaniambia, "Mama, huyu hakujua kama ng'ombe ni wa wizi. Asikiri. Niruhusuni nimtetee."

Mimi huyo, mdomo juu! "Mwanangu, wakili ni wa watu wanaogombana. Sisi haya tunayamaliza nyumbani."

Maana nilishampelekea mzee jani la sale. Kwetu Uchagani, ukiletewa sale na mtu anayeomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa. Mzee alilipokea, akasema yameisha. Sasa nisimamishe wakili abishane na mtu aliyetusamehe? Niliona aibu.

Nikamwambia Prosper, "Mkatae huyo binti. Ukisomewa shtaka, kubali. Leo leo unarudi nyumbani."

"Lakini dada, mimi sikuiba."

"Nyamaza! Nani mkubwa hapa?"

Jamani, akanitii. Akasomewa shtaka, akasema, "Ni kweli, mheshimiwa." Akasomewa na maelezo, akayakubali yote huku ananitazama mimi.

Mzee Kanuti akasimama kusema amemsamehe. Hakimu akamsikiliza vizuri tu, kisha akasema kesi ni ya Jamhuri, si ya mzee. Miaka mitano!

Nilimkimbilia yule wakili nikilia. Wala hakunisema. "Mama, amekiri mwenyewe. Rufaa ya kusema hana hatia ni ngumu mno sasa. Labda tuombe apunguziwe adhabu."

Basi nimekwama. Nikigeukia sheria, mlango umefungwa. Nikigeukia kwa mzee, yeye alishasamehe zamani, na ndizi za kumpelekea Prosper ananipa yeye! Ningekuwa na wa kumlaumu ningepumua. Sina.

Nilipoenda kumwona mara ya kwanza, hakulia. Aliuliza tu, "Dada, si ulisema narudi leo leo?"

Wewe unayesoma, usiwe mjuaji kama mimi! Ukipewa wakili wa bure mpokee, na mwenye kesi mwache aseme ukweli wake. Sale peleka kwa jirani, lakini mahakamani halijui mtu.

Jumapili naenda kumwona tena. Nitambebea ndizi za mzee.